Namna ya kumtafuta na kumchunguza Claviger testaceus, mbawakawa kipofu anayelelewa na sisimizi

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Chini ya mawe, kwenye miteremko ya majani mafupi huko Ulaya, yupo mgeni ambaye jembe hilo hajawahi kupewa. Anaishi nyumbani kwa sisimizi, analishwa kinywa kwa kinywa, anabebwa kutoka chumba hadi chumba, na humo humo katika chumba cha watoto hula mayai na mabuu ya wenyeji wake. Jina lake la kisayansi ni Claviger testaceus. Urefu wake ni milimita 2 na kidogo, yaani ni mdogo kuliko punje ya ufuta.

Wapenzi wengi wa wadudu hawajamwona hata mara moja. Wanaomkosa, mara nyingi wamepita karibu naye kabisa, wakageuza jiwe, wakaona sisimizi wanahangaika, wakalirudisha na kuendelea na safari. Huyu ni mdudu wa kutafutwa kwa utulivu. Nitaeleza namna ninavyoona inafaa kumtafuta, namna ya kumtazama akishapatikana, na namna ya kuondoka bila kuwavurugia sisimizi maisha yao. Hilo la mwisho nalipa uzito sawa na la kwanza.

Mjue kabla hujatoka nyumbani

Claviger ni Kilatini, maana yake mbeba rungu, na rungu lenyewe ni vipapasio vyake. Mbawakawa wengi wana vipapasio vyenye pingili 11. Huyu ana 6 tu, nene, na ya mwisho imekatika bapa kana kwamba imepigwa kisu. Hutembea akiwa amevinyoosha mbele. Ukiviona hivyo mara moja hutamchanganya tena na mdudu mwingine yeyote aliye chini ya jiwe hilo.

Rangi yake ni njano iliyoelekea kahawia na wekundu. Kichwa ni chembamba kama bomba fupi, na hakina macho kabisa. Mabawa magumu ya juu yapo, lakini ni mafupi na yanaacha tumbo wazi, kama ilivyo kwa ndugu zake wa familia ya Staphylinidae. Mabawa ya kurukia hana. Sasa tazama tumbo lenyewe, maana siri ya maisha yake iko hapo. Pingili za juu za tumbo zimeungana zikawa bamba moja kubwa linalong'aa, na mwanzoni mwa bamba hilo pana shimo, bonde dogo hasa. Kandokando ya bonde, kwenye ncha za mabawa magumu, kuna vishungi vya nywele za rangi ya dhahabu. Tezi zilizo chini ya ngozi humwaga utomvu wake sehemu hizo, na sisimizi huja kuulamba.

Bamba hilo halikutokea kwa siku moja. Mwaka 2014 wataalamu Joseph Parker na David Grimaldi walieleza mbawakawa wa ukoo huu aliyehifadhiwa ndani ya kaharabu (utomvu wa miti uliogeuka jiwe) kutoka India, mwenye umri wa takriban miaka milioni 52. Walimwita Protoclaviger trichodens. Vishungi vya nywele tayari alikuwa navyo, ila pingili za tumbo lake zilikuwa bado hazijaungana. Kwa hiyo ukimshika Claviger chini ya lenzi na kuona lile tumbo laini lisilo na maungio, unaangalia umbo lililojengeka taratibu katika kuishi na sisimizi kwa muda mrefu mno.

Wapo wapangaji wengine wa kiota ambao huwachanganya wageni wa kazi hii. Wa kwanza ni chawa-mbao mweupe, Platyarthrus hoffmannseggii, kipofu naye, bapa, mwenye miguu mingi. Utamwona mara nyingi sana, na weupe wake unavuta jicho. Wa pili ni Cyphoderus albinus, kijidudu cheupe kinachoruka ghafla ukikigusa. Claviger si mweupe wala haruki.

Mwenyeji ndiye atakayekupeleka kwa mgeni

Usimtafute mbawakawa. Tafuta sisimizi. Mwenyeji wake mkuu ni Lasius flavus, sisimizi wa njano wa kwenye majani, ingawa hupatikana pia kwa Lasius alienus na Lasius niger ambao ni weusi au wa kahawia iliyokolea.

Lasius flavus utamjua kwa mambo matatu. Ana rangi ya asali, ana macho madogo sana, na ni nadra kumwona akitembea juu ya ardhi mchana. Maisha yake yako chini ya udongo, ambako hufuga vidukari kwenye mizizi ya majani na kunywa maji matamu wanayotoa. Hana mwiba. Akikuuma kidoleni huenda usihisi chochote. Hujenga vichuguu vidogo vilivyoota majani, na mteremko wenye vichuguu hivyo kwa wingi ni ushahidi kwamba jembe la trekta halijapita hapo kwa miaka mingi. Kwetu sisi hiyo ni ishara njema, kwa sababu mdudu asiye na mabawa hawezi kuhamia shamba jipya kirahisi. Anakaa pale ambapo ardhi imekaa.

Hata hivyo, vichuguu viache kama vilivyo. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu mtu akiona kichuguu kikubwa hushikwa na hamu ya kuchimba. Kichuguu ni kazi ya miaka mingi ya maelfu ya sisimizi, ukikivunja huwezi kukijenga upya, na zaidi ya hapo utapata mavumbi tu. Mbawakawa huyu huonekana vizuri zaidi chini ya mawe. Jiwe lina upande wa chini uliotulia, hupata joto la jua mapema, na linaweza kurudishwa mahali pake.

Mahali na majira

Nchini Uingereza anapatikana hasa kusini, kwenye vilima vya chokaa kama North Downs na South Downs, na katika nchi nyingine za Ulaya pia hupendelea udongo wa chokaa, mkavu, wenye joto. Chagua mteremko unaotazama kusini. Majani yawe mafupi, yaliyokatwa na kondoo au sungura. Majani yakirefuka hutia kivuli ardhini na joto hupungua. Unataka mawe bapa, yenye ukubwa wa kiganja hadi sahani, yaliyozama kidogo udongoni. Jiwe lililokaa juu ya majani kama limedondoka jana halina kitu. Jiwe lililozama mno nalo ni taabu kulirudisha.

Majira mazuri ni kuanzia Aprili hadi Juni. Baada ya baridi sisimizi hupanda juu na kuwaweka mabuu chini ya mawe yaliyopashwa jua, na wageni wao hufuatana nao. Asubuhi yenye jua, siku moja au mbili baada ya mvua, ni bora kuliko siku nyingine zote. Weka kiganja juu ya jiwe. Likiwa vuguvugu, geuza. Likiwa la moto, sisimizi wameshashuka chini kukwepa ukavu, na wewe subiri siku nyingine. Julai na Agosti, ardhi ikiwa imekauka, utageuza mawe mengi kwa faida ndogo.

Kama unapajua mahali penye sisimizi wengi lakini hapana mawe, na una ruhusa, tandaza mawe machache bapa au vipande vya vigae wakati wa vuli, uvibane vizuri udongoni, kisha urudi majira ya kuchipua. Njia hii inataka subira ya miezi kadhaa, lakini naipenda kwa sababu haivurugi chochote.

Kuhusu ruhusa: sehemu kubwa ya majani ya chokaa yaliyosalia Uingereza iko katika maeneo yanayolindwa. Kutazama ni jambo moja, kuchukua mdudu ni jingine. Muulize mwenye ardhi au msimamizi kabla, na upate jibu la maandishi.

Vya kubeba

Lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 ndiyo kitu pekee kisichoweza kukosekana. Ifunge shingoni kwa kamba, kwa sababu utaihitaji mara tu jiwe linapoinuka na hutakuwa na muda wa kupekua mfukoni. Beba pia brashi laini ya rangi, sinia dogo jeupe, vichupa vichache vyenye vifuniko, kitu cha kupigia magoti, daftari na penseli. Mrija wa kufyonzea wadudu ni mzuri ukiwa nao: kichupa chenye mirija miwili ya plastiki, mmoja wa kuelekeza kwa mdudu, mwingine wa kufyonza kwa mdomo, na huu wa mdomoni uzibwe ndani kwa kitambaa chepesi. Sisimizi hawa wakikasirika hutoa asidi, kwa hiyo usifyonze kundi zima. Utakohoa, nao watakufa ndani ya kichupa. Kwa mbawakawa mmoja, ncha ya brashi iliyolowanishwa kidogo inatosha.

Kugeuza jiwe

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na inachukua dakika mbili.

Piga magoti uso ukielekea jua ili kivuli chako kisiangukie jiwe. Kabla hujaligusa, tazama lilivyokaa: upande upi umeelekea juu, wapi majani yameshikana nalo. Weka alama kichwani, au piga picha. Kisha ingiza vidole upande ulio karibu nawe na uliinue kuelekea mbele kama mtu anayefungua kifuniko cha sanduku, taratibu, bila kuliburuta. Ukiburuta, vijia vya sisimizi vinasagika na kilichomo kinasagika pia.

Jiwe likishasimama, lishike hapo hapo kwa mkono mmoja. Usilitupe pembeni. Watu wote hukimbilia kutazama udongo, lakini wewe anza na upande wa chini wa jiwe lenyewe. Mbawakawa huyu ana miguu ya kushikilia, na mara nyingi hubaki amening'inia kwenye jiwe wakati sisimizi wakianguka na kukimbia. Lipitishe jicho kwa mistari, juu hadi chini, kama anayesoma ukurasa.

Halafu shuka kwenye udongo. Sisimizi watakuwa wanawanyanyua mabuu na kuwaingiza mashimoni kwa haraka. Nenda palipo na mrundikano wa mabuu, kwa sababu wageni hukaa karibu nao. Sasa tuliza macho. Kila kitu kinatembea mbio na kila kitu kina rangi ya asali. Usitafute rangi. Tafuta mwendo. Katikati ya zile mbio utaona kitu kimoja kinachokwenda polepole, kama mzee anayevuka soko lenye vurugu, mabega mapana kuliko kichwa, fimbo mbili nene mbele yake. Huyo ndiye. Kwenye kiota cha Lasius niger, walio weusi, rangi yake humfichua mapema, na anayeanza angefanya vyema kuanzia huko akizoea umbo.

Wakati mwingine hutamwona akitembea. Utaona sisimizi amebeba kitu ukadhani ni buu, lakini kina miguu na kinang'aa. Mfuate huyo kwa lenzi. Sisimizi huwabeba wageni wao kwenda salama kama wanavyobeba watoto, na mbawakawa akibebwa hutulia kabisa.

Dakika mbili zikipita na hukuona kitu, rudisha jiwe. Usianze kupekua mashimo kwa kijiti. Mawe matupu ni mengi kuliko yenye mgeni, hata mahali pazuri, na hakuna ujuzi unaobadilisha hilo. Lakini ukimpata mmoja, kaa hapo. Kiota kimoja kinaweza kuwa nao kadhaa wakati majirani zake wote hawana hata mmoja.

Kulirudisha jiwe ni hatua yenye adabu zake. Papasa ukingo wa shimo kwa brashi ili sisimizi waliosimama pembeni waondoke. Teremsha jiwe kwenye alama ile ile, upande ule ule, ukianza na ukingo wa mbali kisha ukililaza pole pole. Kama kuna sisimizi wengi mno mahali jiwe linapokaa, subiri nusu dakika waingie chini. Majani yaliyong'oka yasukume yarudi kwenye mshono. Jiwe lililorudishwa vibaya huacha mwanya, upepo na ukavu huingia, na kiota huhama. Ukitaka kujipima, rudi baada ya wiki moja: sisimizi wakiwa bado wako hapo chini, ulilirudisha sawasawa.

Ukimpata, tazama nini

Mwaka 1818 mchungaji wa Kijerumani, P. W. J. Müller, aliandika habari za mbawakawa hawa baada ya kuwatazama wakiwa na sisimizi, akaeleza jinsi sisimizi wanavyowalamba na kuwalisha. Lenzi yako leo itakuonyesha kile kile alichokiona yeye.

Mbawakawa hukutana na sisimizi, wanagusana kwa vipapasio. Sisimizi hupanda juu yake au humkaribia ubavuni na kulamba vile vishungi vya dhahabu, kisha anaingiza kinywa katika bonde la tumbo. Halafu mambo hugeuka. Mbawakawa huinua kichwa chake chembamba kuelekea kinywani mwa sisimizi, na sisimizi hucheua tone la chakula kimiminika, kama anavyompa mwenzake mwenye njaa. Tone hilo ni dogo mno, linametameta sekunde chache tu, kisha halipo. Ukiona tukio hilo hata mara moja, umeona jambo ambalo huwezi kulipata kwa kusoma.

Kwa nini sisimizi wanaokagua kila mgeni kwa harufu wanamkubali huyu? Roger Cammaerts wa Ubelgiji alichunguza kwa miaka mingi tezi na tabia za Claviger. Maelezo yake yananishangaza kila ninapoyafikiria: utomvu wa mbawakawa unawafanya sisimizi wamchukulie kama windo lililokufa, na windo lililokufa hupelekwa moja kwa moja chumba cha mabuu ili liwe chakula chao. Kwa njia hiyo mgeni anapelekwa na wenyeji hadi mahali penye mayai, mabuu na walezi wenye matumbo yaliyojaa. Kinachofuata ni yeye kula.

Usiwachukie sisimizi kwa kudanganyika wala mbawakawa kwa kudanganya. Tazama tu, na uandike ulichoona kwa mpangilio: nani alimkaribia nani, muda gani, alilamba wapi, alilishwa au hakulishwa.

Kumchunguza ndani kwa siku chache

Nje, chini ya jiwe lililo wazi, sisimizi wana hofu na hawafanyi mambo yao ya kawaida. Anayetaka kuona ulishaji kwa utulivu anahitaji kiota cha kioo. Fanya hivi ikiwa tu una ruhusa ya kuchukua wadudu, na chukua kidogo: sisimizi wafanyakazi 30 au 40, mabuu machache, mbawakawa mmoja au wawili, wote kutoka kiota kile kile. Malkia usimguse.

Mimina plasta kwenye kisanduku kifupi cha plastiki, na kabla haijakauka bonyeza umbo la chumba kimoja kipana, kina cha milimita 4 au 5 tu. Kina kikizidi, lenzi haitawafikia. Funika kwa kipande cha kioo. Loweka plasta kwa matone machache ya maji kila siku. Iwe na unyevu, isitiririke. Juu ya kioo weka karatasi ya plastiki nyekundu, kwa kuwa sisimizi huona mwanga mwekundu kwa shida na hutulia kama wako gizani. Wape tone dogo la maji ya sukari na kipande cha mdudu laini aliyekufa. Mbawakawa hahitaji kupewa chochote. Wenyeji watamlisha.

Siku ya kwanza hutaona mengi. Siku ya pili sisimizi wakishawakusanya mabuu pamoja, mbawakawa atakuwa amekwenda kusimama katikati yao, na hapo ndipo pa kuelekeza lenzi. Usikae nao zaidi ya siku 4 au 5. Warudishe wote chini ya jiwe lile lile, jioni, wakati udongo una unyevu.

Picha na kumbukumbu

Simu yenye lenzi ya kukuzia inatosha. Picha mbili ndizo muhimu: moja kutoka juu, ionyeshe bonde la tumbo na vishungi, na moja ya ubavu, ionyeshe vipapasio. Vipapasio vinahitajika kumtenganisha na ndugu yake Claviger longicornis, mwenye vipapasio virefu zaidi, ambaye Uingereza ni adimu zaidi na huishi kwa sisimizi wengine, hasa Lasius umbratus.

Katika daftari andika tarehe, mahali kwa usahihi wa mita chache, uelekeo wa mteremko, aina ya jiwe, idadi ya mbawakawa, na hali ya hewa. Uingereza rekodi hutumwa kupitia iRecord, tovuti ya kukusanya kumbukumbu za viumbe, na wakaguzi wa mbawakawa huzipitia. Kosa ninaloliona sana katika kumbukumbu za watu ni kuandika "kwenye kiota cha sisimizi" na kuishia hapo. Sisimizi gani? Kama huna uhakika, tia sisimizi wawili au watatu kwenye kichupa chenye spiriti ya asilimia 70, ukiandika kwa penseli namba ya jiwe kwenye kijikaratasi kilichomo ndani ya kichupa. Wino huyeyuka katika spiriti, penseli haiyeyuki.